Saa Tano na Dakika Kumi: Je, Jaribio la Kumbukumbu Linaweza Kuiona Demensia Kabla Haijafika?

Mkalishe mezani bibi wa miaka 74, mpe karatasi na kalamu. Mwombe achore uso wa saa, aweke namba zote, kisha aelekeze mishale kwenye saa tano na dakika kumi. Zoezi hili ni kipande cha jaribio liitwalo MoCA, lililochapishwa mwaka 2005 na daktari Ziad Nasreddine na wenzake wa Montreal, Kanada, na ambalo leo hutumika katika kliniki za nchi nyingi. Jibu sahihi ni mshale mfupi kwenye 11 na mrefu kwenye 2. Lakini bibi amesikia "tano". Ili apate alama, inambidi aruke upande wa pili wa duara, kama wanavyofanya wasemaji wa Kiswahili kila wanapotazama saa ya ukutani. Akiwa ni mtu wa kuhesabu muda kwa adhana, kwa jua na kwa kengele ya shule ya jirani, mshale ataupeleka kwenye 5. Na ikiwa mtafsiri amezichukua namba kama zilivyo akamwambia achore "saa kumi na moja na dakika kumi", mzee mwenye akili timamu atachora jioni inayokaribia magharibi, kama anavyoijua, na mpimaji asiyejua Kiswahili atamwekea kosa.

Nimeanza na saa hiyo kwa sababu swali zima la makala haya limo ndani yake. Wazee huulizwa maswali ya namna hii, majibu yao yakageuzwa namba, na namba ikageuzwa utabiri: huyu akili itampotea, yule atabaki nayo. Ninaamini majaribio hayo yana kazi kubwa na ya lazima. Ninaamini pia kwamba alama ya siku moja, ikisimama peke yake, ni shahidi dhaifu. Nguvu ya utabiri imo katika mabadiliko, yaani mzee kulinganishwa na yeye mwenyewe wa miaka iliyopita, na anayemjua huyo wa miaka iliyopita kwa kawaida hayuko hospitalini. Yuko nyumbani kwa mzee.

Ugonjwa ulio kati yetu

Demensia ni jina la kundi la dalili. Kumbukumbu, lugha, uamuzi na uwezo wa kuendesha maisha ya kila siku hupungua hadi mtu anahitaji msaada wa wengine. Sababu yake kubwa ni ugonjwa wa Alzheimer, na nyingine kubwa ni kuharibika kwa mishipa ya damu ya ubongo. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba zaidi ya watu milioni 55 wanaishi nayo, wengi wao katika nchi za kipato cha chini na cha kati, na kwamba kufikia 2050 watakuwa milioni 139.

Wapo wanaodhani haya ni maradhi ya Ulaya. Utafiti wa wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, uliochapishwa mwaka 2013, uliwafuata vijijini wazee 1,198 wenye umri wa miaka 70 na zaidi. Ulipozingatia umri wao, ulipata kwamba 6.4% walikuwa na demensia, kiwango kisicho mbali na kile cha nchi tajiri. Tofauti ni kwamba huku kwetu mgonjwa huyo mara nyingi hana jina la ugonjwa wake. Watu husema ni uzee, amekuwa kama mtoto, kichwa kimechoka. Mwaka 1998 liliundwa kundi la watafiti lililojiita 10/66, na jina hilo lilikuwa shutuma: theluthi mbili za wagonjwa waliishi katika nchi zinazoendelea, lakini sehemu moja tu ya kumi ya utafiti, au pungufu, ndiyo iliyowahusu.

Kuuliza maswali ili kuuona ugonjwa ni njia ya zamani. Mwaka 1901, huko Frankfurt, Alois Alzheimer aliketi na mgonjwa wake Auguste Deter, mwanamke wa miaka 51, akamuuliza jina lake na la mumewe, akamwonyesha vitu, kisha baada ya muda akamuuliza alionyeshwa nini. Mwaka 1975 Marshal Folstein na wenzake waliyakusanya maswali ya aina hiyo katika jaribio fupi la alama 30, maarufu kwa kifupi cha MMSE, na likaenea duniani. Hapo ndipo pa kutenganisha mambo mawili ambayo huchanganywa kila siku. Kutambua ni kuuliza kama mtu huyu anaumwa leo. Kutabiri ni kuuliza kama mtu huyu, aliye mzima leo, ataumwa baada ya miaka mitano au kumi. MMSE ilitengenezwa kwa ajili ya swali la kwanza, na tangu hapo imebebeshwa la pili.

Dalili ya mvua

Kwamba kumbukumbu hutangulia kutoa habari, hilo halina shaka. Ugonjwa wa Alzheimer kwa kawaida huanza kujenga uharibifu wake ndani kabisa ya ubongo, katika hipokampasi na jirani zake, mahali panapogeuza jambo la leo kuwa kumbukumbu ya kesho. Kazi hiyo huchukua miaka mingi kabla familia haijaona chochote.

Karibu na Bordeaux, kusini-magharibi mwa Ufaransa, utafiti uitwao PAQUID ulianza kuwafuata wazee mwaka 1988 na kuwapima tena na tena. Hélène Amieva na wenzake waliporudi nyuma kwenye kumbukumbu za waliougua, waliona kwamba uwezo wa kutaja kwa haraka vitu vya kundi moja, kama wanyama, rangi au matunda, ulianza kushuka takriban miaka 12 kabla daktari hajatamka demensia. Huko Chicago, utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba walioishia na ugonjwa wa Alzheimer walikuwa wamepata alama za chini hata miaka 18 kabla.

Jaribio lililofikiriwa kwa kina zaidi, kwa maoni yangu, ni lile la Herman Buschke wa Bronx, New York. Yeye alitambua kwamba kushindwa kukumbuka kuna sababu mbili tofauti. Mzee anaweza kuwa na neno kichwani lakini njia ya kulifikia ikawa imeota nyasi. Au neno halikuhifadhiwa kabisa. Basi akapanga hivi: kila kitu kinachofundishwa kinafundishwa pamoja na kidokezo chake. "Kipi hapa ni tunda?" Zabibu. Baadaye mzee akishindwa kukumbuka mwenyewe, anapewa kidokezo kilekile: lilikuwa tunda. Mzee mzima ambaye amepungua kasi tu mara nyingi atasema, "Ah, zabibu!" Yule ambaye hipokampasi yake imeanza kuliwa, kidokezo hakimsaidii, kwa sababu ghala lenyewe ni tupu. Kipimo cha namna hii hutabiri vizuri kuliko kuuliza tarehe ya leo.

Kwa hiyo wahenga hawakukosea: dalili ya mvua ni mawingu.

Si kila wingu hushusha mvua

Ugumu unaanza pale tunapotoka kwenye kundi na kumgeukia mtu mmoja aliyeketi kwenye kiti. Tafiti nilizozitaja zinaeleza wastani wa mamia na maelfu ya watu. Ndani ya wastani huo wapo walioanza na alama za chini wakafa na miaka 95 wakiwa na akili zao zote, na wapo walioanza juu wakaporomoka.

Katika miaka ya 1990 Ronald Petersen wa Mayo Clinic, Marekani, na wenzake walieleza hali ya katikati: mtu ambaye kumbukumbu yake iko chini ya matarajio ya umri wake, lakini bado anajitegemea. Tuiite upungufu mdogo wa utambuzi. Iliaminika kwamba hicho ni kizingiti cha demensia. Mwaka 2009 Alex Mitchell na Mojtaba Shiri-Feshki waliunganisha tafiti 41 na kupata picha ya utulivu zaidi. Katika kliniki za wataalamu, takriban 10% ya wenye upungufu huo waliingia kwenye demensia kila mwaka. Kwa wale waliopatikana kwa kuzungukia jamii, ilikuwa karibu 5% tu. Wengi hawakuwahi kufika huko hata baada ya miaka kumi. Uchambuzi mwingine, wa mwaka 2016, ulikuta kwamba katika tafiti za jamii karibu robo ya watu hao walirudi katika hali ya kawaida.

Kwa nini hali hiyohiyo itabiri vizuri kliniki na vibaya kijijini? Kwa sababu anayefika kliniki ameshachujwa. Binti yake ameona kitu, mume amelalamika, mtu amekata nauli. Jaribio linakuta ushahidi ambao familia imeshautoa. Kijijini, unapobisha hodi nyumba kwa nyumba, huna ushahidi huo, na alama ya chini inaweza kutokana na mambo ishirini.

Hesabu ndogo inaonyesha uzito wa jambo hili. Chukua wazee 1,000 wa mahali kama Hai, ambako takriban 64 wana demensia. Tuseme tuna jaribio zuri linalonasa wagonjwa 85 katika kila 100, na kuwaacha salama wazima 85 katika kila 100. Litanasa wagonjwa 54 na kuwakosa 10. Lakini wazima wako 936, na 15% yao, yaani watu 140, nao watanaswa. Sasa una wazee 194 walioambiwa wana tatizo, na wenye tatizo kweli ni 54. Kati ya kila wazee kumi walioshtushwa, saba hawana demensia. Na hapo tunazungumzia kutambua ugonjwa uliopo; kutabiri usiokuwepo ni kugumu zaidi. Mwaka 2015 watafiti wa Cochrane walipochunguza kama MMSE ikitumika mara moja inaweza kutabiri nani mwenye upungufu mdogo ataingia kwenye demensia, walikuta uwezo wake wa kunasa watu hao unayumba kutoka 23% hadi 76% kati ya utafiti na utafiti. Hitimisho lao lilikuwa kwamba haifai kutegemewa peke yake kwa kazi hiyo.

Kinachopimwa ni kumbukumbu, au ni shule?

Marekani, David Snowdon aliwafuata watawa 678 wa Kikatoliki waliokubali kupimwa kila mwaka na kutoa ubongo wao baada ya kifo. Baadhi yao walikuwa wameandika tawasifu fupi walipojiunga na utawa, wakiwa na wastani wa miaka 22. Mwaka 1996 Snowdon na wenzake walionyesha kwamba ambao sentensi zao za ujanani zilibeba mawazo machache ndio waliokuwa hatarini zaidi kupata ugonjwa wa Alzheimer takriban miaka 60 baadaye. Utafiti huo husifiwa kama ushindi wa utabiri. Mimi nausoma pia kama onyo. Unatuambia kwamba tofauti tunayoiona uzeeni inaweza kuwa ilikuwepo tangu ujana, hivyo alama ya chini ya mtu wa miaka 75 haitwambii kama ameshuka, au ni pale alipokuwa siku zote.

Elimu ndiyo inayovuruga zaidi. Mtu aliyesoma sana ana akiba. Ubongo wake hupata njia za mchepuko, na jaribio huendelea kumpa alama nzuri huku ugonjwa ukitembea. Amieva alirudi kwenye data za Bordeaux mwaka 2014 akakuta kwamba kwa waliosoma zaidi dalili za kwanza zilianza miaka 15 au 16 kabla ya demensia, wakati kwa waliosoma kidogo ilikuwa miaka 7 hivi. Kwa upande wa pili, mzee ambaye hakuwahi kushika kalamu hushindwa kunakili mchemraba kwa sababu mkono wake haujawahi kuchora umbo la pande tatu kwenye karatasi. MoCA humwongezea alama moja mwenye miaka 12 ya shule au pungufu. Alama moja haitoshi kuziba pengo kati ya mwalimu mstaafu na mwanamke ambaye utoto wake ulikuwa kuni, maji na wadogo zake.

Lugha yenyewe inaingia kwenye mizani. Mwaka 1980 Ellis na Hennelly walionyesha kwamba wasemaji wa Kiwelisi hukariri tarakimu chache zaidi wanapotumia Kiwelisi kuliko Kiingereza, kwa sababu tarakimu za Kiwelisi huchukua muda mrefu kutamkwa. Sasa hesabu silabi zetu: tano, sita, saba, nane, tisa. Kila moja ina silabi mbili, wakati nyingi za Kiingereza zina moja. Mzee wa Tanga anabeba mzigo mzito zaidi kwa umbali uleule, na anahukumiwa kwa kipimo cha aliyebeba mwepesi. Orodha za maneno nazo zina asili yake. Katika orodha moja inayotumika sana kuna siagi, malkia na tiketi; maneno hayo yako karibu na maisha ya mama wa mji wa Marekani kuliko ya mkulima wa muhogo wa Rufiji, na jambo lililo karibu na maisha hukumbukwa kwa urahisi.

Kisha kuna lugha ya pili. Mzee wa Machame anaweza kuwa alilelewa kwa Kichaga na Kiswahili akakipata shuleni na sokoni. Mzee wa Muscat aliyekulia Unguja hupimwa kwa Kiarabu wakati ndoto zake bado ni za Kiswahili. Bibi wa Kikongo aliyehamia Uingereza huulizwa kwa Kiingereza, na mjukuu anatafsiri. Mjukuu huyo ana heshima na huruma. Bibi akisita, anamwongezea neno. Hapo alama imekwenda kwa mjukuu.

Dawa ya haya yote inajulikana, na imeshajaribiwa. Hugh Hendrie, Kathleen Hall na wenzao walitengeneza kipimo kiitwacho CSI-D, kwanza kwa ajili ya watu wa Cree wa Manitoba, Kanada, kisha wakakipeleka kwa Wayoruba wa Ibadan na kwa Wamarekani weusi wa Indianapolis. Kwa kutumia kipimo kilichozingatia maisha ya pande zote mbili, mwaka 2001 waliweza kutangaza jambo la kushangaza: wagonjwa wapya wa demensia walikuwa 1.35% kwa mwaka Ibadan na 3.24% Indianapolis. Kwa kipimo cha wasomi pekee, tofauti hiyo ingezama.

Hapa Afrika Mashariki, watafiti wa mradi wa IDEA, uliofanya kazi Hai na Nigeria, walitengeneza jaribio la maswali sita lisilohitaji kusoma wala kuandika. Mzee anaulizwa daraja ni nini. Anataja jina la kiongozi wa mahali anapoishi na siku ya leo. Anataja wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja. Anasikilizishwa orodha ya maneno kumi na kuulizwa tena baadaye. Na badala ya kuchora mchemraba, anapanga njiti za kiberiti kwa mfano aliouona. Njiti za kiberiti kila jiko linazo. Mama aliyezishika miaka 50 hazimtishi. Lakini hata jaribio hili la busara lina mipaka yake, na limetengenezwa kwa ajili ya kutambua. Kutabiri ni kazi nyingine.

Masikio, huzuni na dawa za dukani

Kabla ya kuiamini alama ya chini, kuna maswali ambayo muuguzi wa zahanati anaweza kuyajibu siku hiyohiyo. Je, mzee amesikia? Orodha ya maneno kumi ikisomwa kwa mtu asiyesikia vizuri, jaribio la kumbukumbu limegeuka jaribio la masikio. Je, anaona? Je, anakula? Upungufu wa vitamini B12 na hitilafu za tezi ya shingo hufifisha akili na hutibika. Je, amefiwa? Sonona ya mzee huvaa nguo za demensia: hajibu, hajali, husema "sijui" kwa kila swali. Je, amebadilika ndani ya siku mbili tatu? Hapo tafuta maambukizi, kwa sababu kuchanganyikiwa kwa ghafla ni dharura. Je, anameza nini? Dawa za usingizi na baadhi ya dawa za mafua na mzio zinazouzwa bila cheti huzorotesha kumbukumbu ya mtu mzima.

Na kuna heshima. Kijana aliyevaa koti jeupe akimkabili mtu wa miaka 80 na kumuuliza, "Leo ni siku gani? Hapa ni wapi?", anaweza kujibiwa kwa kimya. Mzee anajua jibu, ila haoni kwa nini aulizwe kama mtoto. Anayeanza na shikamoo, akaomba radhi kwamba baadhi ya maswali yatakuwa mepesi na mengine magumu, akaeleza kwamba kila mtu wa rika hilo huulizwa hivyo, atapata alama za kweli zaidi. Adabu hapa ni sehemu ya usahihi wa kipimo.

Shahidi aliye nyumbani

Mwaka 1989 Anthony Jorm wa Australia na mwenzake walichapisha dodoso ambalo halimuulizi mzee chochote. Linamuuliza aliye karibu naye: ukilinganisha na miaka kumi iliyopita, je, anakumbuka mambo ya watu wa familia vizuri zaidi, vilevile, au vibaya zaidi? Anaweza kushughulika na fedha kama zamani? Uzuri wake ni huu: elimu ya mzee haiingii sana kwenye mizani, kwa kuwa analinganishwa na yeye mwenyewe. CSI-D nayo, tangu Manitoba, iliunganisha maswali ya mzee na mazungumzo na ndugu. Nadhani huo ndio uamuzi wa hekima kuliko yote katika historia ya vipimo hivi.

Fikiria mama lishe wa Kariakoo ambaye kwa miaka 30 amebeba kichwani madeni ya wateja 20 bila daftari. MMSE itampa alama za chini mwaka wowote utakaompima. Lakini siku atakapomdai mtu mara mbili na kumsahau mwingine, mjukuu anayeosha vyombo atajua. Mabadiliko hayo yanasema mengi kuliko alama 21 ya leo isiyo na ya mwaka jana ya kulinganishwa nayo. Ndiyo sababu tafiti zinazodumu, kama ule ulioanzishwa Kaloleni, Kilifi, ili kuwafuatilia watu wazima kwa miaka mingi, ni hazina: zinatupa mstari, na mstari una mwelekeo.

Shahidi wa nyumbani naye ana kasoro zake. Mtoto aishiye mbali husikia sauti kwenye simu tu, na mazungumzo ya salamu huenda vizuri hata kwa aliyeathirika. Mke anaweza kuficha kwa mapenzi, hadi kilio kimfichue. Na yupo mrithi anayeharakisha kusema baba hana akili tena, kwa sababu shamba liko kati yao. Kwa hiyo hakuna shahidi mmoja wa kutosha. Jaribio hulinda dhidi ya ndugu mwenye nia mbaya, na ndugu mwema hulinda dhidi ya jaribio lililotafsiriwa vibaya.

Baada ya jibu

Mwaka 2020 jopo la wataalamu wa kinga la Marekani lilirudia kusema kwamba ushahidi hautoshi kupendekeza, wala kukataza, kuwapima wazee wote wasio na dalili. Mwaka huohuo yalitoka matokeo ya jaribio kubwa la Indiana lililohusisha wazee 4,005. Upimaji haukuwadhuru, lakini haukuwaonyesha faida pia. Na takriban theluthi mbili ya waliokutwa na dalili walikataa uchunguzi zaidi. Watu hukataa kujua wanapoona kwamba kujua hakuendi popote.

Huku kwetu gharama ya jibu baya inaweza kuwa maisha. Katika Usukuma na katika kaunti ya Kilifi, wazee wameshambuliwa na kuuawa kwa tuhuma za uchawi, na mzee anayezunguka usiku, anayezungumza peke yake, asiyeeleza alikokuwa, ndiye anayetuhumiwa kwa wepesi. Kwa mzee wa namna hiyo jina la ugonjwa linaweza kuwa ngao. Kwa mwingine, jina hilo likitamkwa bila uhakika mbele ya ukoo, linaweza kumwondolea kauli juu ya nyumba yake. Mpimaji anabeba vyote viwili, na hana haki ya kutoa alama kisha akaondoka.

Kuna sababu mpya za kutaka kutabiri. Tangu 2023 dawa ya lecanemab imeidhinishwa kikamilifu Marekani kwa walio katika hatua za mwanzo za Alzheimer, na mwaka 2025 nchi hiyo iliruhusu kipimo cha kwanza cha damu cha kusaidia kuutambua ugonjwa kwa wenye dalili. Dawa hiyo hupunguza kasi kwa kiasi, hutolewa kwa dripu, na humtaka mgonjwa apigwe picha za ubongo mara kwa mara kwa hofu ya uvimbe na kuvuja damu. Kwa wilaya isiyo na mashine ya picha hizo, habari hizi bado ziko mbali.

Kilicho karibu ni kingine. Tume ya jarida la Lancet ilieleza mwaka 2024 kwamba karibu 45% ya demensia duniani inahusiana na mambo 14 yanayoweza kurekebishwa, yakiwemo elimu ya utotoni, usikivu, shinikizo la damu, kisukari, sigara na upweke. Jaribio la SPRINT MIND la mwaka 2019 lilionyesha kwamba kuishusha presha zaidi ya kawaida kulipunguza wagonjwa wapya wa ule upungufu mdogo wa utambuzi, ingawa halikuthibitisha hivyo kwa demensia yenyewe. Na katika Hai hiyohiyo, utafiti wa mwaka 2013 uliwakuta karibu wazee saba kwa kila kumi wa miaka 70 na zaidi wakiwa na shinikizo la juu la damu, wengi bila kujua. Mashine ya presha iko zahanati. Haihitaji kutafsiriwa.

Hata kwa aliyekwisha kuugua kuna la kufanya. Hai ilijaribu tiba ya vikundi ya kuchangamsha akili, ambamo wazee hukutana, huimba, hukumbushana na kufanya kazi za mikono kwa mpangilio maalumu, na matokeo yaliyochapishwa 2017 yalitia moyo. Mahali ambapo huduma ya namna hiyo ipo, jaribio la kumbukumbu lina mlango wa kumpeleka mzee. Mahali ambapo haipo, wajibu wa kwanza wa serikali za wilaya ni kuujenga mlango huo, kisha kusambaza karatasi za maswali.

Wakati tukisubiri, kuna jambo ambalo kila familia inaweza kulianza mwaka huu. Sikukuu inapowakusanya, iwe Idi au Krismasi, nunueni daftari. Andikeni tarehe. Andikeni mama anapika nini bila kusaidiwa, anahesabuje chenji, ametaja majina ya wajukuu wangapi, simulizi gani ameirudia mara ngapi. Mpelekeni akapimwe presha na masikio wiki hiyohiyo, na mwandike. Mwaka ujao, siku ileile, andikeni tena. Siku mkilazimika kumpeleka kwa daktari, bebeni daftari hilo, na mkikuta anaulizwa kuchora saa, mwambieni daktari kwamba kwetu asubuhi huanza saa moja.